Mazoezi ya mwili: yanatufaa nini sisi watu wazima?

Mtu akitoka Likasi kuelekea mashariki, anafika kwenye vilima vya Koni, fasi mto Lufira unaposhuka kwa nguvu. Maji ya mto ule yanazuiwa kwanza kule juu, Mwadingusha. Pale yanafanya ziwa la Tshangalele na kuzungusha mashini za santrali iliyojengwa mwaka 1930. Yakiisha kazi ile, yanashuka tena na kufanya kazi ya pili Koni, katika santrali iliyomalizika mwaka 1950. Tulikwenda kule kutembelea wakristu wa kampo na wa vijiji vya kando. Siku ya pili mzee katekista alitupeleka kwenye kapela moja iliyo ng'ambo ya kilima, fasi motokari haifiki.

Mzee huyu amepita miaka 70. Sisi hatujafika 50. Yeye alitangulia, fimbo mkononi, akituelezea habari za wakatekumeni wake mmoja mmoja, bila kukatisha maneno. Sisi nyuma tulijibu «ndiyo» na «ehe» tu, maana pumzi ya kusema neno refu haikuwako. Tulisimama mara tatu. Mara ya tatu mzee alikaa juu ya jiwe, akatuangalia kwa huruma, akasema: «Baba, motokari imekula miguu yako.»

Tulicheka wote wawili. Lakini usiku ule hatukupata usingizi upesi. Tulikumbuka ndugu wawili katika upadri. Mmoja alianguka ndani ya sakristia mbele ya Misa ya asubuhi, naye alikuwa na miaka 51. Tulimzika siku tatu nyuma. Wa pili yu hai, lakini mkono na mguu wa kuume vimekufa, na hawezi tena kuinua kalisi. Wote wawili walikuwa na tansio, ndio mkazo wa damu, na wote wawili walipita siku zao kati ya meza, kiti cha motokari na kiti cha maungamo. Hatusemi kwamba kukaa peke yake kuliwaua. Mungu ndiye anayejua saa ya kila mtu, na magonjwa haya yana mizizi mingi: chumvi, pombe, tumbako, urithi wa wazazi, masumbuko. Lakini tuliwauliza waganga, tukasoma, na tumeona kwamba jambo hili tumelidharau mno katika nyumba zetu. Ndiyo sababu ya kuandika ukurasa huu.

Tuanze na santrali yenyewe, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wa upande ule wanaijua. Turbini ikizunguka usiku na mchana, vyuma vyake vinalika kidogo kidogo, na nyuma ya miaka mingi fundi anavibadilisha. Mashini inachakaa kwa kazi. Watu wengi wanafikiri mwili nao ni vile: mwenye kuutumia sana anaumaliza mbele ya wakati, na mwenye kuutunza kitini atakaa nao siku nyingi. Hapo wanakosea. Mungu aliumba mwili kwa namna nyingine. Chuma hakiwezi kujitengeneza. Nyama na mfupa vinaweza. Mtu akiutuma mwili kazi inayopita kidogo ile uliyozoea, kisha akiupumzisha na kuulisha, unajijenga upya, na unajijenga wenye nguvu kupita mwanzo. Akiacha kuutuma, unaanza kupunguza kila kitu kisichotumika, kama mwenye nyumba anayefukuza watumishi wasio na kazi. Mtu aliyevunjika mguu na kufungwa plasta juma sita anajua: plasta ikiondolewa, mguu ule ni mwembamba kama wa mtoto.

Mwaka 1966, kule Dallas, nchi ya Marekani, waganga walitaka kujua jambo hili kwa kipimo. Walichukua vijana watano wa miaka karibu 20, wenye afya, wakawalaza kitandani majuma matatu bila kusimama. Kisha waliwapima: nguvu ya moyo na ya mapafu ilikuwa imeanguka sana. Tena wakawazoeza, na nguvu ikarudi, hata kwa wengine ikapita ya kwanza. Jambo la kushangaza lilikuja nyuma ya miaka 30. Mwaka 1996 waliwaita watu wale wale watano, sasa wababa wa miaka 50, na kuwapima tena. Hakuna hata mmoja wao ambaye miaka 30 ilikuwa imemshusha kupita yale majuma matatu ya kitanda. Tunawaomba waseminari wasome maneno haya mara mbili. Uvivu wa majuma matatu ulifanya ubaya kupita uzee wa miaka 30! Na wale wababa walipozoezwa tena polepole kwa miezi sita, walirudishiwa ile nguvu ya pumzi ambayo miaka ilikuwa imewaondolea.

Sasa tuangalie mambo gani yanatokea ndani. Moyo wa mtu mzima anayekaa kimya unapiga karibu mara 70 kwa dakika, na kwa dakika ile unasukuma damu kama litri 5. Akipanda kilima, misuli ya miguu inaomba hewa, na moyo unalazimika kusukuma zaidi. Kwa kijana mwenye afya anayefanya kazi ya nguvu unaweza kufika litri 20 na kupita. Moyo nao ni msuli. Ukizoea kazi hii unapata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mtu akikaa unapiga labda mara 60 tu. Tuhesabu: mapigo 10 kwa kila dakika, kwa usiku na mchana ni mapigo 14,400 ambayo moyo umepumzishwa. Mishipa vilevile inajifunza kulegea na kupitisha damu bila kuikaza.

Hapo ndipo tunafika kwenye tansio. Wengi wetu tumesikia munganga akisema «14 kwa 9». Kutoka hapo na kupita ndipo wanaanza kuiita ugonjwa. Ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu anakula bukari yake, anacheka, anahubiri, na kumbe mishipa ya ubongo inakazwa kila saa mpaka siku moja inapasuka ao inazibika. Kwa mtu mwenye tansio ya juu, mazoezi ya kila juma yanaweza kushusha namba ya juu kwa milimita 5 mpaka 8, ndiyo nusu pointi na zaidi kidogo kwa hesabu ile ya waganga wetu. Inaonekana ndogo. Lakini ni karibu sawa na kazi ya dawa moja, na dawa hii hainunuliwi. Angalisho: mwenye kumeza dawa asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Munganga ndiye atakayezipunguza, kama inafaa.

Ugonjwa wa sukari nao umeingia katika nyumba zetu. Bukari, mkate na chai yenye sukari nyingi vinageuka sukari ndani ya damu, na kwa desturi sukari ile inangojea mlango ufunguliwe mbele ya kuingia ndani ya misuli. Kwa mgonjwa mlango unafunguka kwa shida. Basi, msuli unaofanya kazi unafungua mlango mwingine wenyewe, na unaendelea kupokea sukari hata saa nyingi nyuma ya kazi, siku nzima ao mbili. Mwaka 2002 Wamarekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kushikwa na ugonjwa huu. Kundi moja lilipewa dawa. Lingine lilifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza uzito kidogo, na kutembea dakika 150 kwa juma. Nyuma ya karibu miaka mitatu, dawa ilikuwa imepunguza hatari kwa 31 katika 100. Kutembea pamoja na kula kwa kiasi kulikuwa kumeipunguza kwa 58 katika 100.

Mambo mengine tuyapite upesi: mifupa inakazana kwa kubeba uzito wa mwili, na mzee mwenye miguu ya nguvu haanguki ovyo, usingizi unakuwa mzuri, kansa ya utumbo mkubwa na ya maziwa kwa wamama inapungua.

Mtu mwenye akili atauliza: munajuaje kwamba ni kutembea ndiko kunakoleta afya? Pengine wenye afya ndio wanaopenda kutembea! Swali hili ni la haki, na mwanafunzi wa falsafa anapaswa kuliuliza. Munganga mmoja wa London, Jeremy Morris, aliliuliza kwa namna nzuri sana. Kule London kulikuwa na mabasi yenye orofa mbili. Katika kila basi watu wawili walifanya kazi: shofere, aliyekaa kitini siku yote, na kondakta, aliyepanda na kushuka ngazi kwa kukatisha tikiti, pengine vidaraja 500 na kupita kwa siku. Mshahara wao haukuachana sana, mtaa ni mmoja, chakula ni kimoja. Morris alitazama habari za watumishi karibu 31,000, na mwaka 1953 akatangaza kwamba makondakta walishikwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kupita mashofere, na waliokufa upesi kwa ugonjwa ule walikuwa wachache zaidi. Akaona vilevile kati ya wapeleka-barua, waliokwenda kwa miguu na kwa kinga, na makarani wa posta waliokaa ofisini.

Lakini Morris hakuridhika. Alijiuliza kama mashofere hawakuwa wanene tangu siku ya kwanza. Akafanyaje? Alikwenda kutafuta vipimo vya suruali! Kampani ya mabasi ilikuwa imeandika kipimo cha kiuno cha kila mtumishi kwa kumshonea nguo za kazi. Akakuta kweli: mashofere walikuwa na viuno vikubwa tangu siku za kwanza za kazi. Mtu mwingine angeficha karatasi ile. Yeye aliitangaza mwaka 1956, na akaendelea kuchunguza. Mwishoni ilionekana kwamba hata akilinganisha wembamba na wembamba, wanene na wanene, makondakta walibaki na heri kupita mashofere. Tangu siku zile uchunguzi mwingi umefanywa katika nchi nyingi, na umekwenda njia ile ile. Tunapenda habari hii ya suruali, kwa kuwa inaonyesha namna ya kutafuta ukweli bila kujipendelea.

Sasa turudi kwetu. Katekista wa zamani alikwenda kwa miguu kutoka kapela mpaka kapela. Mkubwa wa misioni alipata kinga, na wale wenye bahati walipata pikipiki. Leo pikipiki iko kila kijiji, na kwa hiyo tunashukuru, maana mgonjwa anapata Sakramenti kwa wakati, na mama mwenye kuzaa anafika hospitali. Hatutaki kurudisha nyakati za zamani. Lakini tuangalie siku ya padri wa parokia ya mji: Misa, chai, ofisi, motokari, mkutano, chakula, motokari, maungamo, televizio, kitanda. Hatua zake hazifiki hata nusu ya zile za mama anayeuza matembele mlangoni pake. Na mtumishi wa santrali, ambaye baba yake alibeba mawe wakati wa kujenga, leo anakaa mbele ya saa na taa nyekundu na kijani. Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka 2024 kwamba karibu watu wazima 31 katika 100 duniani hawatikisi mwili kadiri inavyofaa.

Wengine watatuambia: sisi ni watu wa mpira, katika inchi ya mpira. Ndiyo! Mwaka 1939 Wabenediktini waliosimamia Institut Saint-Boniface kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walianzisha kundi la mpira kwa vijana wao, wakaliita Saint-Georges. Kundi lile ndilo linaitwa leo Tout Puissant Mazembe. Lilichukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 likafika fainali ya klabu za dunia. Kule Kinshasa, Padri Raphaël de la Kéthulle wa Wascheut aliwajengea vijana viwanja, na mpaka leo uwanja mmoja unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël. Mapadri wale walijua vema kwamba shule bila kiwanja ni nusu ya shule. Lakini angalia Jumapili nyuma ya Misa: watu 22 wanakimbia, na watu elfu wanakaa. Kutazama mpira si mazoezi, hata mtu akipiga kelele mpaka sauti inaisha. Tena mpira ni mchezo wa vijana. Baba wa miaka 45 ambaye hajakimbia tangu seminari, siku moja anavaa viatu kwa sikukuu ya parokia, mapadri juu ya wakatekista, na dakika ya kumi anabebwa. Tumeona jambo hili kwa macho yetu. Tunalolisema ni jambo dogo na la kila siku.

Kadiri gani basi? Waganga wa Shirika la Afya waliandika mwaka 2020 kwamba mtu mzima atafute dakika 150 mpaka 300 kwa juma za kazi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka. Ao nusu ya dakika zile kama anakimbia ao anafanya kazi ya nguvu nyingi. Na siku mbili katika juma azoeze misuli yote kwa kazi ya kubeba ao kusukuma. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwenye miaka 65 na kupita aongeze mazoezi ya kusimama imara, kwa mfano kusimama juu ya mguu mmoja karibu na ukuta, kusudi asianguke. Na asiyeweza kutimiza kipimo hiki asikate tamaa: dakika kumi ni bora kupita bure, na faida kubwa kupita zote ni ya yule anayetoka kwenye bure na kufika kwenye kidogo.

Haraka ni nini? Wasomi wana saa za kuhesabu mapigo. Sisi tunatoa kipimo cha nyumba yetu. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kusali Salamu Maria kwa sauti, lakini huwezi kuimba Gloria mpaka mwisho bila kukatika pumzi. Ukiimba Gloria bila shida, unatembea polepole mno. Ukishindwa hata na Salamu Maria, umepita kipimo, punguza. Rozari moja ya mafumbo matano inachukua karibu dakika 20, na njia ya kurudi inatimiza nusu saa. Tunasikia mapadri wengine wakijibu: «Sisi tunatembea kila siku, tunasali breviari katika baraza.» Ndugu, ni jambo jema kwa roho, lakini mwendo wa kusoma zaburi ni mwendo wa kinyonga. Usiuhesabu.

Kwa misuli, hakuna lazima ya mashini za mji. Kaa juu ya benchi, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara kumi, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono miwili. Ukizoea, sukuma meza. Ukizoea tena, sukuma ardhi. Chota maji mwenyewe badala ya kutuma mtoto. Bustani ya seminari ni jimnastiki nzuri kupita nyingi, na inaleta lengalenga jikoni.

Hapo inafaa tutofautishe watu, kwa maana shauri moja halifai kwa wote. Katekista wa kijiji anayelima shamba lake kwa jembe tangu asubuhi mpaka jua kali, na mama anayebeba kuni na maji na mtoto mgongoni, hawa wamekwisha kutimiza kipimo cha juma pengine siku ya jumanne. Kuwaambia wakimbie ni kuwacheka. Wanaohitaji ni kinyume: pumziko, chakula cha kutosha, na bwana anayesaidia kubeba ndoo. Vilevile mtu mwenye njaa asifanye mazoezi. Maneno yetu yanamhusu mwenye kukaa: padri, mwalimu, karani, shofere, mseminari wa miaka ya teolojia, sista wa ofisi, katekista aliyehamia mji.

Na mwenye ugonjwa? Mwenye tansio, sukari ao ugonjwa wa moyo aonane kwanza na munganga, kisha aanze taratibu, dakika kumi kwa siku, na aongeze dakika tano kila juma. Mwenye sukari anayepigwa sindano ao kumeza vidonge abebe kitu kitamu mfukoni, maana sukari inaweza kushuka mno njiani. Mwenye damu ya SS asijilazimishe mpaka kuchoka kabisa, anywe maji mengi, ajikinge na baridi kali. Mwenye homa alale. Na mtu yeyote anayesikia maumivu kifuani kama mzigo unaomkandamiza, ao maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto na taya, ao kizunguzungu, asimame palepale na kupelekwa hospitali. Asiseme «itapita».

Majira yetu yana shauri lake. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi katika nyanda zetu za juu, na mtu anachelewa kitandani. Basi atembee jioni. Mwezi wa kumi joto ni kali, atoke alfajiri. Mvua ikianza, ukumbi wa parokia unatosha. Katika Likasi tunaogopa zaidi vumbi na moshi wa makamyo makubwa ya madini katika njia kuu. Tafuta njia ya kando, fasi yenye miti.

Kuna jambo linalozuia watu kupita mvua na vumbi, nalo ni haya. Padri akitembea kwa haraka bila motokari, watu wanauliza: «Amefukuzwa? Motokari imeharibika?» Akikonda kidogo, wanasema ni mgonjwa, ao hana pesa. Kwetu tumbo kubwa ni alama ya baraka. Hatuna dawa ya maneno ya watu, ila kuzoea. Juma la kwanza watauliza. La pili watacheka. La tatu mmoja atatembea nanyi kando, na hapo mutasikia habari ambazo kamwe hazifiki ofisini: nani mgonjwa, nani amefukuza mke, mtoto gani ameacha shule.

Na wengine wanatukumbusha Mtakatifu Paulo, aliyemwandikia Timoteo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo tu, bali utawa una faida kwa mambo yote. Tunakubali kabisa. Lakini kidogo si bure. Paulo mwenyewe alikwenda kwa miguu njia za Asia na Ugriki, na alipowaandikia Wakorinto juu ya wakimbiaji wa kiwanjani, aliandika kama mtu aliyewatazama kwa makini. Naye Mtakatifu Tomaso, katika Summa, anauliza kama usingizi na kuoga vinapunguza huzuni, na anajibu ndiyo, kwa kuwa kila kitu kinachorudisha mwili katika hali yake njema kinapingana na huzuni. Mkubwa wa seminari anayemwona kijana akinyamaza na kufifia, pamoja na kumpa shauri la kiroho, amtume shambani na wenzake. Waganga wa leo nao wanashuhudia kwamba mazoezi yanasaidia watu wenye huzuni ya muda mrefu. Lakini huzuni nzito inahitaji vilevile munganga.

Wenye kuona haya waangalie mapapa wawili. Achille Ratti alikuwa mtu wa vitabu, mtunzaji wa maktaba kubwa ya Milano. Lakini mwaka 1889, akiwa padri wa miaka 32, alipanda Monte Rosa upande wake mgumu wa mashariki na kulala usiku juu ya mwamba. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa Papa Pius XI. Na Yohane Paulo II, ambaye wakristu wa Lubumbashi walimpokea mwaka 1985, aliogelea na kuteleza juu ya theluji hata nyuma ya kuwa Papa. Hakuna aliyewauliza kama motokari imeharibika.

Sisi wenyewe tulianza kwa dakika kumi, tukizunguka nyumba ya misioni usiku kusudi watu wasituone. Aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya juma la sita tulitoka mchana. Viatu vya kwanza vilituumiza visigino, maana vilikuwa vya kuvaa Misa. Tuwaambie wengine watafute viatu vyenye soli laini, hata vya soko. Siku tulizosafiri tulikosa, na siku nyingine tulikosa kwa uvivu tu.

Mwezi wa saba tulirudi Koni. Motokari tuliiacha kwenye kampo, na mzee katekista akatangulia na fimbo yake, akiendelea na habari za wakatekumeni pale alipoachia. Safari hii tuliweza kumuuliza maswali. Kwenye kilima tulisimama mara moja tu, na ni yeye aliyeomba: kamba ya ndala yake ilikuwa imekatika.